Kocha wa Kuokoteza

Jirani, sogea nikuambie. Hapa Ukunda mtu mzima akionekana kibandani baada ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, hakuna anayesema amepumzika. Watasema yuko tu. Na mtu aliye yuko tu hupewa kazi. Mimi nimeshawekwa mtunza hela wa matanga ya watu nisiowajua. Nimeitwa shahidi wa kesi ya mbuzi, na huyo mbuzi sikumwona akila mihogo ya mtu. Nimekuwa katibu wa taka. Sasa wamenipa kriketi. Niwafundishe watoto kupiga mpira kwa gongo. Tena si kupiga hivi hivi. Kupiga kwa mtindo mpya.

Mpya kwa nani? Mimi hata wa zamani siujui!

Gunia lilishushwa na matatu ya Likoni. Kijana mmoja wa hapa, siku hizi yuko Nairobi na ana kazi ya kuvaa beji shingoni, kakumbuka kwao. Badala ya kutuma unga, katuma vifaa vya kriketi. Makanga akauliza, nani anapokea? Watu wote pale kibandani wakainamia simu zao. Mimi simu yangu ilikuwa haina chaji. Nikatia sahihi. Basi. Aliyetia sahihi ndiye mwenye gunia, na mwenye gunia ndiye kocha. Usiniulize sheria hiyo imepitishwa na bunge gani.

Nyumbani nikamwaga vitu sebuleni. Mama watoto akasimama mlangoni, mkono kiunoni, haulizi kitu, anatazama tu. Unajua ule mtazamo. Kulikuwa na magongo mawili mapana, mazito, yenye mgongo uliotuna nyuma. Vijiti vya wiketi. Glavu. Mapedi ya miguu marefu mpaka juu ya magoti. Nikayavaa nijaribu. Kutembea kukanishinda. Nikapita jikoni nimepanua miguu, na kitindamimba wangu akaniuliza kama baba naye katahiriwa tena.

Halafu kulikuwa na kikombe. Kidogo, cha plastiki ngumu, kimechongoka upande mmoja, kina matundu ya hewa, kingo zake zimezungushiwa mpira laini. Nikakigeuza huku na huku. Nikakiweka puani. Wallahi kikakaa! Nikasema hawa waliotengeneza wamefikiria, maana kwetu hapa vumbi halina adabu. Nikakitia kamba ya kiatu, nikaifunga kisogoni, nikaenda nacho uwanjani. Nikaamkiwa nacho, nikaitikia marahaba nacho. Nikasimama na imamu tukazungumza kwa kirefu habari za mfereji wa maji, yeye ananitazama pua, mimi naona heshima tu. Nikapita nacho hadiwea kununua kamba. Mwenye hadiwea ndiye aliyenistiri. Alinishika mkono, akanivuta nyuma ya mifuko ya simiti, akaninong'oneza kile kitu mchezaji mwanamume hukivaa wapi.

Siku hizi nikimwona imamu napita uchochoro wa nyuma.

Sasa huyu mwenye hadiwea tunamwita Bhai, sote, hata wale anaotudai. Babake amezaliwa Mombasa, babu yake amezaliwa Mombasa, na yeye mwenyewe ujana wake wote umeishia kwenye uwanja wa Mombasa Sports Club. Mguse mambo ya misumari atakujibu kwa mkato. Mguse kriketi, funga duka! Nilimgusa. Akachukua mpini wa jembe uliokuwa unauzwa, akasimama katikati ya duka, wateja wamekaukia kaunta, akaanza somo.

Shika hapa, akasema. Mikono yote miwili iwe karibu. Gumba na kidole cha shahada vifanye pembe, na pembe ya mkono wa juu na ya mkono wa chini zikae mstari mmoja mgongoni mwa gongo. Mkono wa juu ndio bosi. Wa chini ni msaidizi, ushikie vidole tu. Miguu upana wa mabega. Bega la mbele limwelekee mrushaji. Kichwa kitulie. Gongo lipande nyuma likiwa wima, lishuke likiwa wima, uso wake wote uukabili mpira. Kiwiko cha mbele juu! Na mpira uende chini, bwana, utambae, kwa sababu mpira unaotambaa haudakwi, na usipodakwa hutoki kirahisi.

Nikashika mpini. Akanirekebisha kidole. Akanirekebisha goti. Akanirekebisha kidevu. Alipofika kwenye makalio wateja walikuwa wameacha kununua, wamekaa juu ya ndoo za rangi kutazama. Mmoja akaagiza soda.

Tangu siku hiyo nikipita pale sipati misumari, napata historia. Kwamba Don Bradman wa Australia, utotoni huko Bowral, alikuwa akigonga mpira wa gofu kwenye ukuta wa tangi la maji, na hakutumia gongo, alitumia kijiti cha wiketi, mpira unarudi kwa kasi ya ajabu na yeye anaupiga tena, na akaja kustaafu na wastani wa mikimbio 99.94 katika mechi za Test. Kwamba tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, India, Kenya ya kina Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, watu wakawacheka, halafu West Indies wakatolewa wote kwa 93. Brian Lara mwenyewe, yule Lara, alitolewa kwa 8, kadakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal kwa mpira uliorushwa na Rajab Ali. Hapo Bhai hufuta miwani. Na kwamba 2003 Steve Tikolo alituongoza mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia, tukiwa tumewafunga Sri Lanka hapo Nairobi, Collins Obuya kachukua wiketi 5, na kwamba India walitupiga Durban tarehe 20 Machi, wao 270, sisi 179. Hapo Bhai hufuta miwani tena, na safari hii haimalizi. Mimi huaga polepole. Kwa sababu najua kinachofuata ni 2014, mwaka Kenya ilipopokonywa hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na habari hiyo huongeza bei ya rangi.

Haya. Nikatoka hadiwea nina elimu. Kiwiko juu, gongo wima, mpira chini. Mambo matatu, hata mimi nayakumbuka. Nikaenda kwa watoto.

Uwanja wetu, kama hujafika, uko Diani nyuma ya ukuta wa hoteli moja, chini ya mivinje. Mchanga mtupu. Upande mmoja ukuta, upande mmoja vichaka vya kima, upande mmoja bahari. Mpira ukiingia kwa hoteli, askari wa getini anataka barua. Ukiingia kwa kima, haurudi. Kima wa Diani si wanyama, ni wapangaji wasiolipa kodi. Wanakaa juu ya mti, wanaung'ata mpira, wanakutazama usoni. Mbega ndio wastaarabu, wao wanapita juu kwenye zile ngazi za kamba walizotundikiwa na watu wa Colobus Conservation wavukie barabara, na wakishapita wameshapita, hawana habari na mtu.

Nikawakuta watoto wanacheza tayari. Hawakungoja gunia la mtu. Wana gongo lao la upongoo, ule uti wa kuti la mnazi, umekatwa kwa panga, pale kwenye shina palipo pana ndipo pa kupigia, na huku kwembamba pamezungushiwa mpira wa tyubu ya baisikeli pa kushikia. Jepesi! Nililinyanyua kwa mkono mmoja. Lile la kutoka Nairobi nililinyanyua kwa mkono mmoja pia, lakini bega lilijua. Mpira wao ni wa tenisi, umenyonyoka manyoya yote.

Na wanavyopiga! Bhai angezimia. Mtoto anafungua mguu wa mbele pembeni, anakunja goti la nyuma, gongo linateremka mpaka kwenye kifundo, halafu linapanda kwa nguvu zote mpaka linamzunguka shingoni. Mpira unakwenda juu ya mivinje. Ule ni mkono wa slasha. Mtoto yeyote aliyewahi kuchelewa shule akaambiwa akafyeke nyasi nyuma ya maabara ana mkono huo, na hapa kwetu matatu zinavyochelewa wanao wote.

Nikapuliza filimbi. Nikawaambia simameni, hilo ni kosa, kuna mtindo. Wakajipanga. Watoto wa pwani wana heshima, jirani, ndiyo inayoniumiza. "Shikamoo mjomba kocha." Nikawaonyesha.

Sasa hapa nieleze jambo moja. Nilikuwa nimevaa kikoi. Ni jioni, ni joto, na kocha gani wa Diani atavaa suruali? Lakini kikoi na gongo havipatani. Ukiinua kiwiko, kifundo kinalegea. Kwa hiyo mkono wa kulia nikashika gongo, mkono wa kushoto nikashika kikoi kiunoni, nikapiga hivyo. Wima, chini, kiwiko juu, mkono kiunoni. Nikarudia wote waone vizuri. Nikawaambia haya, mmoja mmoja.

Mstari mzima ukapiga na mkono mmoja kiunoni.

Wavulana wenye kaptura. Wasichana wenye suruali za michezo. Mkono mmoja gongo, mkono mmoja kiuno, mapaja yamebanwa, uso wa shughuli. Hata kile kikohozi changu kidogo kabla ya kupiga wakakiweka. Vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha kando wakaacha abiria wao barabarani, wakaja kutazama. Na mmoja wao, Mungu amlipe anachostahili, akarekodi. Mpaka leo nikishuka stendi ya Ukunda kuna mtu ananisalimia mkono kiunoni.

Lakini tuache hilo. Nikawarekebisha, nikaenda nikavaa suruali, tukaanza upya. Wima. Chini. Na mtoto wa kwanza akaupiga mpira vizuri kabisa, kiwiko kama Bhai alivyotaka, mpira ukaenda chini, ukatambaa, ukafika hatua moja na nusu, ukasimama. Mchanga umeumeza. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu. Mikimbio hakuna. Mlinzi anauokota amekaa. Yule binti wa mama viazi, mwembamba, mtandio wake ameufunga nyuma kwa fundo moja la hatari, akaniinulia mkono kama yuko darasani.

"Mjomba, huku chini hauendi."

"Piga kwa nguvu."

"Mjomba, huu ni mchanga."

Kuna swali ambalo mtu mzima hujibu kwa kutazama saa. Nikatazama saa. Sivai saa.

Ndipo akatokea yule mzee Mmarekani. Amepanga nyumba Diani, hutembea ufuoni jioni na pua nyeupe ya mafuta, mbwa wake nyuma. Kumbe maisha yake yote kwao alikuwa akifundisha watoto besiboli. Kasimama, katazama, kashindwa kujizuia. Akanijia na maneno mengi. Kiingereza changu ni cha kusalimia na cha kuaga, pale katikati sina kitu, kwa hiyo mpwa wangu akawa mkalimani, na nina shaka anapunguza.

Mzee anasema usiwakataze kupiga juu! Anasema kwao pia makocha waliwaambia watoto vizazi na vizazi piga chini, kata mpira, uutie ardhini. Ted Williams, yule bingwa wa Boston, akaandika kitabu zaidi ya miaka 50 iliyopita akawaambia jamani, gongo lipande kidogo. Wachache wakamsikia. Halafu 2015 viwanja vyote vya ligi yao kuu vikawekewa mitambo ya kupima mpira umetoka kwenye gongo kwa kasi gani na kwa pembe gani, na hesabu zikamuunga mkono marehemu. Sababu yenyewe ni nyepesi, hata mpwa wangu ameweza kuitafsiri. Mrushaji wa besiboli anasimama juu ya kichuguu cha sentimita 25, mkono wake uko juu ya kichwa, kwa hiyo mpira unakuja ukiteremka. Gongo likishuka, linakutana na mpira mahali padogo tu, vinapishana. Gongo likipanda kidogo, linakaa kwenye njia ya mpira muda mrefu, hata ukichelewa kidogo utaugusa.

Na watoto wa huku huku Afrika Mashariki wameshafika mbali na besiboli, akasema, akataja timu ya watoto wa Uganda mpaka mimi nikaona haya kwamba siijui. Timu ya Lugazi mwaka 2012 ilikwenda Williamsport, Pennsylvania, ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, na ikawafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Mwaka mmoja kabla, timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu, ikanyimwa viza. Mzee alipofika kwenye viza akasema pole. Nikamjibu karibu. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Sasa jirani, fikiria hali yangu. Kesho yake Bhai naye kaja uwanjani, kafunga duka mapema, kavaa nyeupe tupu mpaka kofia. Anataka kuona viwiko. Mzee naye kaja na mbwa. Wakakutana mbele yangu. Bhai: chini! Mzee: juu! Bhai: huu si mchezo wa kwenu, mpira wetu unadunda kwanza chini, ukidunda unapanda, ukiupiga kwa gongo linalopanda unadakwa kila siku! Mzee, kupitia mpwa wangu: ndiyo, lakini hapa naona haudundi. Bhai akakodoa mchanga. Akauchukua mpira, akaurusha yeye mwenyewe kwa mtindo wake wa ujana, mkono umenyooka, mzuri wallahi, ukatua mbele ya wiketi na ukabaki pale pale. Kimya kidogo. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Mimi ndiye kocha, kumbe.

Nikawapeleka kibandani tukaongee kistaarabu. Viazi karai, kachumbari, ukwaju, chai ya maziwa. Wakabishana mpaka magharibi, wakaelewana vizuri sana, wakapeana nambari za simu, wakaondoka pamoja. Bili nikaachiwa mimi. Mbwa pia alikula, na akala viwili.

Watoto wenyewe kumbe hawakuwa wakingoja tukubaliane. Wana simu ya kaka wa mmoja wao, kioo kimepasuka pasuka, humo ndimo chuo chao kilipo. Wakaniita niketi mchangani wanifundishe. Huyu, mjomba, ni Dilshan wa Sri Lanka, 2009, anapiga goti moja chini, anauteka mpira na kuutupa nyuma juu ya kichwa chake mwenyewe na cha mlinda wiketi. Huyu ni Pietersen wa Uingereza, 2008, mrushaji anakimbia kuja na yeye anageuka, anabadilisha mikono, amekuwa mpiga kushoto, mikimbio sita! Watu wakalalamika, wenye sheria wakakaa, wakasema inaruhusiwa. Na huyu, mjomba, hapa hapa Nairobi, Gymkhana, Oktoba 1996, Shahid Afridi wa Pakistan kafika mikimbio 100 kwa mipira 37, mapigo ya sita yenyewe 11, na mwenyewe amesimulia kwamba gongo lilikuwa la kuazima, la Sachin Tendulkar. Rekodi ile ilikaa zaidi ya miaka 17.

Hilo la gongo la kuazima liliwafurahisha kuliko yote. Hapa kwetu ugomvi wa zamu ya gongo ndio nusu ya mchezo.

Binti wa mama viazi akasema atanionyesha ile ya Dilshan. Nikasimama nyuma yake nimwone vizuri, mkono wangu nimeuweka kidevuni kikocha kocha. Akapiga goti. Ukweli ni kwamba aliupata mpira barabara. Ulipanda juu ya bega lake kiufundi kabisa, na nyuma ya bega lake ndipo nilipokuwa mimi. Unakumbuka kile kikombe? Mimi sikuwa nimekivaa, nilikuwa nimekifungia kabatini kwa aibu. Nikakaa chini polepole. Watoto wakanizunguka kwa huruma, mmoja akanipepea kwa upongoo. Yule binti akaniuliza kama ameshika gongo sawasawa. Nikamwambia ndiyo, kwa sauti ambayo sikuijua.

Basi tukapata mwaliko wa Msambweni. Huko wana kundi lao la watoto na wana mwalimu wa kweli, aliyesomea michezo, mwenye filimbi isiyo ya plastiki. Tukapanda matatu, magongo darini, tukapita Gazi pale akina mama walipojenga daraja la mbao ndani ya mikoko, watoto wanaimba, mimi nimekalia wiketi. Njiani nikatoa agizo langu kama kocha. Sahauni habari ya chini. Chini imekufa. Pigeni juu, upongoo, slasha, Afridi! Wakapiga makofi. Mara ya kwanza tangu nipewe kazi hii kupigiwa makofi nikiwa nimevaa suruali.

Tukashuka. Uwanja wa Msambweni ni udongo. Mwekundu, mgumu, umeshindiliwa na miguu ya mpira wa miguu tangu enzi za Kenyatta wa kwanza. Mrushaji wao akarusha. Mpira ukadunda.

Jirani, watoto wangu hawajawahi kuona mpira ukidunda! Wa kwanza alisimama akautazama kwa mshangao ukimpita kifuani, akageuka kuniangalia mimi, kama mimi ndiye niliyeudundisha. Wa pili akafyeka, gongo likapita kwenye kifundo na mpira ukapita kwenye sikio. Wa tatu akaupata kwa bahati mbaya, ukaenda juu, juu kabisa, ukashuka wima mikononi mwa kitoto cha Msambweni kilichokuwa kimesimama kinakula embe, kikadaka kwa mkono mmoja. Na wao walipopiga wakawa wanagusa tu, chini, kiwiko juu, gongo wima, mpira unatambaa kwenye ule udongo mpaka Lunga Lunga. Mikimbio minne. Minne. Minne. Bhai, ambaye alikuja kwa gari lake na mzee Mmarekani kiti cha mbele, alikuwa amesimama kwenye kivuli, hasemi kitu. Ule mdomo wake tu ulikuwa unatembea: chini, chini, chini.

Sasa nani aliniambia Msambweni kuna udongo? Hakuna! Mtu anakualika, hakuambii uwanja wake wa nini. Tungejua tungekuja na wetu.

Aliyetuokoa tusiaibike kabisa ni yule binti. Alitazama mpira mmoja ukidunda. Akatazama wa pili. Wa tatu akarudi nyuma hatua, akaungoja udunde mpaka ufike kiunoni, halafu ndipo akafungua mguu na kuupiga juu ya vichwa vyao. Wa nne ukaja mfupi, mbaya, akauinamia na kuupeleka chini, taratibu, wima, Bhai kapiga kelele mpaka mbwa kashtuka. Hakuna aliyemfundisha. Hakuuliza mtu mchanga ama udongo, juu ama chini. Alisoma mpira. Nikamuuliza baadaye umejuaje, akaniambia, mjomba, ukiuona unavyokuja, unajua. Mimi umri huu kuna vitu vingi vimekuja nikiviona na sikujua.

Tulishindwa hata hivyo. Mwalimu wa Msambweni akanipa mkono, akanisifu, akaniuliza mimi natumia falsafa gani ya ufundishaji. Nikamwambia mchanganyiko.

Sasa Bhai ametupa sakafu ya simiti nyuma ya hadiwea, pale anaposhushia mabomba, tufanye mazoezi ya mpira wa kudunda mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki tuko mchangani na mzee. Mimi kazi yangu ni kubeba gunia kutoka simiti kwenda mchangani, na kutoka mchangani kurudi simiti. Wazazi wananiita mwalimu. Bodaboda wananiita kiuno.

Kwa hiyo nakuomba, jirani. Mpira wa tenisi wowote ulio nao nyumbani, mkuukuu, ulionyonyoka, uliotafunwa na mbwa, tuletee kibandani, maana kima wamechukua karibu yote na hoteli imechukua iliyobaki. Gongo la utotoni lililosahaulika darini Mombasa, tuletee. Na kama unamfahamu mtu anayeijua kriketi kweli, anayeishi kati ya Tiwi na Vanga, mlete haraka kabla ya mechi ya marudiano. Nitamkabidhi gunia, filimbi, hesabu ya viazi, na kile kikombe. Nimekiosha.